Usikivu unaofifia ndani ya ukoo

Kuna familia ambazo kila mkusanyiko huwa na kona ya wenye sauti kubwa. Hawagombani, wanazungumza tu. Babu anauliza "Nani?" mara tatu, shangazi anajibu swali ambalo hakuulizwa, na mjomba, ambaye hata miaka arobaini hajafika, anacheka kwa kuchelewa kidogo kwa sababu husubiri kwanza aone nyuso za wenzake. Ukidadisi utaambiwa, "Sisi kwetu masikio ndivyo yalivyo." Kauli hiyo ina ukweli mwingi kuliko wanavyodhani wanaoitoa, ila inafunga mjadala mapema mno. Masikio ya ukoo yana sababu, sababu hiyo ina njia yake ya kurithiwa, na njia hiyo ndiyo inayoonyesha nani yumo hatarini, nani hayumo, na nini kinaweza kufanyika.

Linalowachanganya wengi ni neno lenyewe, "kurithi". Tumezoea kudhani kwamba cha kurithi mtu huzaliwa nacho, kama umbo la pua. Basi mtoto aliyesikia vizuri, akajifunza kusema bila taabu, akasoma, kisha usikivu ukaanza kumtoka akiwa na miaka 15 au 40, hutafutiwa sababu nyingine: ile homa kali aliyougua, muziki wa masikioni, au ukaidi tu. Hili la mwisho huumiza zaidi, maana mtu anaambiwa sikio la kufa halisikii dawa ilhali sikio lake kweli halisikii.

Mtumbwi unaovuja

Sauti hugonga ngoma ya sikio, ngoma hutikisa vifupa vitatu, na cha mwisho, kiitwacho kikuku, husukuma maji yaliyo ndani ya koklea, mrija uliojisokota kama konokono kwa mizunguko miwili na nusu hivi. Ndani ya mrija huo zimepangwa seli zenye vinywele vidogo mno, kama 15,000 tu kwa kila sikio. Jicho moja lina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100. Kwa hiyo sikio linaanza maisha na akiba ndogo, na akiba hiyo haijazwi tena. Ndege akipoteza seli hizi huota nyingine. Binadamu zikimtoka zimemtoka.

Vinywele vikiinamishwa na wimbi la sauti, vijitundu hufunguka kwenye ncha zake na chembe za potasiamu huingia ndani ya seli. Huo ndio umeme wa usikivu. Lakini potasiamu iliyoingia lazima itoke, la sivyo seli itaelemewa. Katika seli za safu za nje, mlango mmoja mkubwa wa kutokea hujengwa kwa maelekezo ya jeni, yaani agizo la kurithiwa lililo ndani ya seli, iitwayo KCNQ4, na kila mlango huundwa na vipande 4. Sasa, kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Tuseme nakala moja ina kasoro. Nusu ya vipande vitakuwa vizima, nusu vibovu, na vitaunganika ovyo bila kuchaguana. Uwezekano wa kupata mlango ambao vipande vyake vyote 4 ni vizima ni nusu ya nusu ya nusu ya nusu, yaani 1 kati ya 16. Hapo ndipo unapoona kwa nini nakala moja mbovu inaweza kuangusha kazi nzima ingawa jirani yake haina dosari yoyote.

Seli lakini haifi siku ileile. Mtumbwi unaovuja hauzami ukiwa ufukweni. Huanza safari vizuri, anayekumba maji yupo, ila maji yanaingia kwa kasi kidogo kuliko anavyoyatoa. Miaka inapita. Wenye kasoro za jeni hii kwa kawaida huanza kupoteza sauti nyembamba wakiwa watoto au vijana, na hali huendelea polepole kwa miongo. Walirithi siku ya kutungwa mimba. Kilichochelewa ni matokeo.

Jeni za namna hii si moja wala kumi. Zinazojulikana kusababisha upotevu wa usikivu peke yake, bila ugonjwa mwingine mwilini, zimepita 120. Moja hujenga kiunzi cha seli, nyingine nyuzi zinazounganisha vinywele, nyingine maji yenyewe ya koklea. Ndiyo maana koo mbili zenye "masikio mabovu" zinaweza kuwa na matatizo yasiyohusiana hata kidogo.

Nasikia, ila sielewi

Koklea imepangwa kama kinanda. Mwanzoni mwa mrija hupokelewa sauti nyembamba, mwishoni kabisa sauti nzito. Mara nyingi uharibifu huanzia mwanzoni, kwa hiyo sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka. Kwa lugha kama Kiswahili hilo lina matokeo ya ajabu kidogo.

Irabu zetu zina nguvu, na kila neno karibu linaishia na irabu. Konsonanti kama s, f, t, k na sh ni hafifu na zina nguvu yake katika masafa ya juu, kuanzia kama hezi 2,000, yaani mitetemo 2,000 kwa sekunde, kwenda mbele. Anayepoteza masafa hayo hubaki na mwimbo wa sentensi bila maneno yake. Paka, taka, kaka na shaka humfikia zikiwa kitu kimoja: a-a. Mtu akisema "atalipa", ile t ni mlio mfupi mwembamba unaopotea, na msikilizaji anapokea "a-a-lipa" kisha anajazia mwenyewe. Ni analipa au atalipa? Kwa anayedai, hiyo si tofauti ndogo.

Kwa hiyo mtu huyu hasemi uongo anaposema anasikia. Mlango ukigongwa anasikia, gari likipita anasikia, akiitwa kwa sauti nzito anageuka. Nyumbani husemwa "anasikia anachotaka", kwa sababu sauti ya baba inapata na ya mtoto mdogo haipati. Simu humshinda zaidi, kwa kuwa simu za kawaida kwa miaka mingi zimekata sauti zote zilizo juu ya hezi 3,400 hivi, na kwenye simu hakuna midomo ya kutazama. Na kupaza sauti hakusaidii sana. Ukipiga kelele unakuza irabu, ambazo tayari alikuwa nazo. Bora upunguze mwendo, umtazame usoni, na uanze kwa kumwambia mnazungumzia nini.

Hata hivyo, si kila ukoo huanza na sauti nyembamba. Kuna wanaoanza na zile nzito, na mfano wao maarufu ndio unaotuingiza kwenye urithi wenyewe.

Njia ambazo kasoro husafiri

Huko Costa Rica upo ukoo mmoja ambao watafiti waliufuatilia kurudi vizazi 8 nyuma hadi kwa babu mmoja, kiziwi, aliyezaliwa mwaka 1754. Wazawa wake waliopata kasoro huanza kupoteza sauti nzito wakiwa na miaka kama 10, na wakifika 30 hivi wengi hawasikii kabisa. Mwaka 1992 watafiti waliibana kasoro hiyo kwenye kromosomu ya 5 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni), na mwaka 1997 kundi la Mary-Claire King, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, likaitaja jeni yenyewe, DIAPH1, inayohusika na kuunga nyuzi za kiunzi cha seli.

Kilichowasaidia si maabara peke yake. Ukoo wenyewe ulijua: nani wa nani, alianza lini, watoto gani waliponea. Kwa mchoro wa namna hiyo mfumo huonekana kwa macho. Kila kizazi kina wenye tatizo, wanawake kwa wanaume, na aliyeathirika ana mzazi aliyeathirika. Huo ndio urithi ambao nakala moja inatosha. Mzazi mwenye kasoro ana nakala mbili, moja mbovu na moja nzima, na kila mtoto hupokea moja tu. Ni shilingi inayorushwa upya kwa kila mimba. Shilingi haina kumbukumbu, kwa hiyo kuwa na watoto watatu wazima hakumwongezei wa nne hatari, wala hakumpunguzii. Na mtoto ambaye hakupokea nakala mbovu hana cha kupitisha kwa wajukuu, hata kama baba, babu na shangazi zake wote hawasikii. Watu wengi huishi na hofu hiyo bure.

Njia ya pili ni ile inayohitaji nakala mbili mbovu. Hapa wazazi wote wawili wanasikia vizuri, kila mmoja amebeba nakala moja mbovu kimyakimya, na kila mtoto wao ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupokea zote mbili. Hii ndiyo njia inayowafanya watu waapishane kwamba "kwetu hakuna kitu kama hicho". Kipo, ila kilikuwa hakijakutana na mwenzake. Wengi wa wanaorithi kwa njia hii huzaliwa tayari wana upungufu, lakini baadhi ya jeni, kama TMPRSS3, zina aina ambazo huanza baada ya mtoto kujua kusema na huendelea kupunguza. Na hapa pana jambo linalowashangaza wengi: viziwi wawili ambao kasoro zao ziko kwenye jeni mbili tofauti za aina hii, kwa kawaida watoto wao husikia, kwa kuwa kila mzazi anatoa nakala nzima ya kile ambacho mwenzake amekosa.

Zipo pia kasoro zinazosafiri kwenye kromosomu ya X, ambapo wanaume ndio hupata zaidi na baba hampi mwanawe wa kiume. Hizi ni chache.

Njia ya mwisho ndiyo ambayo laiti ningepewa dakika moja na kila ukoo wenye masikio dhaifu, ningeisemea. Mitokondria, vijiwanda vya nguvu ndani ya seli, vina vinasaba vyake vichache, na hivyo hutoka kwa mama peke yake. Mwaka 1993 ilithibitika kuwa badiliko moja kwenye vinasaba hivyo, nafasi ya 1555, humfanya mtu awe dhaifu mno mbele ya kundi fulani la antibiotiki: streptomaisini, gentamaisini, kanamaisini, amikasini. Dawa hizi huua bakteria kwa kukamata mtambo wake wa kutengeneza protini. Badiliko hilo huufanya mtambo wa mitokondria ya binadamu ufanane na wa bakteria, na dawa haichagui. Sindano ambazo mwenzako amepigwa akapona bila tatizo kubwa, zinaweza kumwacha mwenye badiliko hili bila usikivu, moja kwa moja. Wengine usikivu huwapungua taratibu hata bila dawa.

Kwa hiyo ukisikia kwamba mama mkubwa alipoteza masikio baada ya sindano za kifua kikuu, kisha mjomba naye baada ya sindano za maambukizi mengine, usiseme "dawa zilikuwa kali" ukaishia hapo. Mwambie daktari kabla ya sindano inayofuata. Dawa hizi huokoa maisha na zipo hali ambazo hakuna budi kuzitumia, lakini mara nyingi ipo mbadala, na daktari hawezi kuifikiria kama hajaambiwa.

Kwa nini ndugu hawafanani

Swali linalorudi sana: kama kasoro ni ileile, mbona dada alianza akiwa na 25 na mimi nina 45 sina shida? Moja, huenda hukurithi. Mbili, jeni moja haifanyi kazi peke yake. Jeni nyingine, kelele za kazini, sigara, kisukari na umri vyote husukuma mtumbwi uleule. Tatu, na hili husahauliwa, kuna tofauti kati ya kuanza na kugundua. Mwalimu anayesikiliza watoto kutwa hugundua upungufu ambao mtu wa kazi za kimya atauishi miaka kumi bila kuutambua. Kwa sababu hiyohiyo wajukuu huonekana "wameanza mapema kuliko babu". Mara nyingi wamepimwa mapema tu. Babu aligundulika pale alipoacha kuitika.

Na si kila kinachojirudia katika ukoo ni jeni moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu mkubwa wa usikivu, kwa hiyo bibi wawili wasiosikia vizuri katika familia moja wanaweza kuwa wazee tu. Ndugu waliofanya kazi kwenye karakana moja wamerithishana kazi. Na nimesikia habari za nta iliyoganda sikioni ikiitwa urithi, jambo ambalo lingechekesha kama mhusika asingekaa nayo miaka. Kinachofaa kumtia mtu shaka ya jeni ni masikio yote mawili kupungua kwa kufanana, katika umri mdogo kuliko uzee, kwa watu wa damu zaidi ya mmoja.

Upo ugonjwa mmoja unaotembea katika koo na unaofaa kutengwa na mingine, kwa sababu unatengenezeka. Mfupa huota kuzunguka kikuku hadi kikakwama, na sauti inakosa wa kuisukuma ndani. Seli zenyewe mara nyingi bado nzima. Tangu mwaka 1956, daktari John Shea alipotoa kikuku kilichokwama na kuweka kingine cha bandia, upasuaji huu umewarudishia watu wengi usikivu. Kipimo cha kawaida cha masikio kinaweza kuonyesha dalili zake kwa kulinganisha sauti inayopita hewani na inayopita kwenye mfupa wa kichwa. Inasikitisha mtu kukubali "masikio ya kwetu" ilhali tatizo lake ni kifupa kidogo kuliko vyote mwilini.

Tena sikio linaweza kuwa mjumbe wa kiungo kingine. Upungufu wa usikivu unaoambatana na kutoona vizuri gizani, na upeo wa macho kubana taratibu, unahitaji daktari wa macho. Ukiambatana na damu kwenye mkojo, hasa kwa wanaume wa ukoo, figo zipimwe. Tezi ya shingo ikivimba, au usikivu ukishuka ghafla baada ya kugonga kichwa, hayo nayo yasemwe. Na katika koo fulani za Uholanzi na Ubelgiji zenye kasoro ya jeni COCH, usikivu na mizani ya mwili hupotea pamoja kuanzia umri wa kati, hivi kwamba kutembea gizani huwa taabu.

Kupima, na kuishi na majibu

Anza na karatasi kabla ya damu. Chora ukoo vizazi vitatu, andika kando ya kila jina umri wa kuanza kukosa kusikia, dawa za sindano alizowahi kupewa, na kazi aliyofanya. Wazee ndio maktaba ya jambo hili, nao hawasubiri. Kisha kila mtu wa damu apimwe usikivu, hata anayejiona mzima. Chati ya kipimo hicho, yenye masafa kuanzia hezi 250 hadi 8,000 na kina cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti), huwa na umbo, na maumbo ya ndugu wenye kasoro moja mara nyingi hufanana: mteremko upande wa kulia, au shimo katikati, au kushoto kumezama.

Umbo hilo na mchoro wa ukoo ndivyo humwezesha mtaalamu kusoma majibu ya vinasaba. Kipimo cha jeni huja na jibu la namna tatu. Kasoro imepatikana. Haijapatikana, jambo ambalo halimaanishi haipo. Au limepatikana badiliko ambalo maana yake haijajulikana, na hili ndilo huwakera watu. Hapo ndugu husaidia: badiliko likionekana kwa wote wasiosikia na likakosekana kwa wote wanaosikia, linaanza kupata maana.

Kuhusu watoto wadogo wasio na dalili, nina msimamo. Katika ukoo ambao tatizo huanza utotoni, wapimwe mapema, kwa kuwa shule haisubiri. Katika ukoo ambao huanza miaka 40, kumpima mtoto jeni ni kumchukulia uamuzi ambao ni wake. Kumpima usikivu kila mwaka au miwili hakumwondolei kitu.

Visaidizi vya kusikia hufaa zaidi vikianza mapema, kabla ubongo haujazoea kukosa sauti nyembamba, na kwa upungufu unaoendelea lazima virekebishwe kila chati inaposhuka. Anayevirithi kutoka kwa marehemu babu bila kurekebishwa amerithi mara mbili. Vikishindwa, kipo kipandikizi cha koklea, ambacho huziruka seli zilizokufa na kuutia umeme mshipa wa fahamu wenyewe. Graeme Clark wa Australia, mmoja wa walioanzisha chombo hicho na aliyempandikiza mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1978, alikua akimwona baba yake akihangaika na usikivu. Na lugha ya alama ijifunzwe wakati masikio bado yanafanya kazi, familia nzima, wala si yule mmoja peke yake, maana lugha ya mtu mmoja ni upweke.

Tiba ya jeni nayo imeanza. Mwaka 2024 madaktari wa Shanghai walichapisha matokeo ya watoto 6 waliozaliwa bila usikivu kwa kasoro ya jeni OTOF. Baada ya kutiwa nakala nzima sikioni, 5 walianza kusikia. Habari hizo zikifika kwenye familia zetu za mtumbwi unaovuja huwasha matumaini makubwa, kwa hiyo tofauti isemwe wazi. Kwa watoto wale seli zilikuwa hai, zimekosa protini moja tu, na kuongeza nakala kulitosha. Palipo na nakala mbovu inayoharibu kazi ya ile nzima, kuongeza hakutoshi, lazima mbovu inyamazishwe. Na lazima inyamazishwe kabla seli hazijafa, yaani kwa mtu ambaye bado anasikia.

Mtu huyo ni yule mpwa wa miaka kumi na miwili aliyekaa mbali na kona ya kelele, anayeinua kichwa kila simu inapolia chumba cha pili, na ambaye hakuna aliyewahi kufikiria kumchorea chati.